Wimbo wa Shumburere

Asubuhi ya harusi yangu nilikuwa nimeketi kwenye kitanda cha mama, katika nyumba yetu ya Dandora, Nairobi, nimevaa gauni jeupe ambalo nilikatazwa kuliegemeza ukutani kwa sababu chokaa ilikuwa bado mbichi. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamefika kutoka mtaa wa Tena na walikuwa wakiimba nje ya geti ili wafunguliwe. Ndani ya ua, shangazi zangu na majirani walikuwa wamejipanga kuwazuia. Kwetu Wakikuyu desturi ndiyo hiyo, na mchumba wangu alikuwa amewaeleza watu wake, ambao ni Waluhya, wasije wakashangaa: mtafungiwa, mtaimba, mtajibiwa, mtatoa kitu cha kuwafurahisha wenyeji, kisha mtafunguliwa na kumchukua bibi harusi hadi kanisani. Mama yake alimwambia asiwe na wasiwasi. Hata kwao, alisema, hakuna aliyewahi kuchukua msichana kimya kimya kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Waliimba nyimbo mbili tatu ambazo sikuzijua. Shangazi zangu wakawajibu kwa kejeli za kawaida za siku kama hiyo: mmekuja wachache, mmekuja na njaa, msichana wetu amesoma. Watu walikuwa wakicheka pande zote mbili za geti. Kisha pakatulia kidogo, kama wakati watu wanapovuta pumzi, na sauti moja nzito ya mwanamke ikaanzisha wimbo mwingine huko nje.

Niliutambua kabla haujafika mstari wa pili. Ulikuwa wimbo wa mama yangu.

Mama aliufundishwa na shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye ndiye aliyemlea. Alikuwa akiuimba akifua, akichambua mchele, akitusuka nywele sisi wasichana wake. Unapanda polepole, unasita huko juu kana kwamba umesahau ulichotumwa, halafu unateremka mbio hadi kwenye neno linaloimbwa na watu wote pamoja: shumburere, shumburere. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza maana yake. Aliniambia ni jina la ndege wa msituni aliyekuwa akilia kabla ya mvua, zamani, kabla miti haijakatwa. Niliwahi kumchora ndege huyo shuleni, nikampa kifua chekundu, kwa kuwa mama hakunipa rangi nyingine.

Na asubuhi ile mama alikuwa ameuweka wimbo wake akiba. Aliwaambia wenzake jikoni, nikisikia, "Huu tutautoa mwisho, wakishachoka, wajue msichana ametoka kwa watu." Maneno yetu, nikiyaleta kwa Kiswahili, yalisema: anayeita ni nani, asimame penye mwanga tumwone.

Huko nje maneno yalikuwa ya Kiluhya. Sauti ilikuwa ile ile, isipokuwa mwishoni waliongeza kona moja ambayo sisi hatukuwa nayo, na neno la mwisho likawa shumbulele.

Ndani ya ua hakuna aliyejibu. Nikainuka, nikasogeza pazia. Wanawake wetu walikuwa wakitazamana. Mama alikuwa amesimama katikati yao, leso mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mgeni.

"Hata nyimbo?" akasema mjomba wangu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Hata nyimbo mnatuchukulia?"

Lazima nieleze habari za mjomba, maana hakuwa mtu mbaya. Kaka huyu wa mama alikuwa na shamba Bonde la Ufa, na mwaka uliotangulia, wakati wa fujo zile za siasa, alifukuzwa huko pamoja na watoto wake. Alikuwa akilala katika chumba chetu cha nyuma. Siku hizo neno "kuchukuliwa" halikuwa neno dogo nyumbani kwetu.

"Tumechukua nini, baba?" ile sauti nzito ikauliza kutoka nje.

"Huo wimbo ni wetu. Mmeutoa wapi?"

"Nimeutoa kwa mama yangu. Wewe umeutoa wapi?"

"Huo ni wimbo wa Wakikuyu tangu zamani za mababu."

"Kwani mama yangu alizaliwa kwa Wakikuyu?"

Mtu mmoja akacheka nje, lakini si kicheko cha harusi. Ndipo mama yangu akasema, bila kupaza sauti, "Muulizeni kwanza shumburere ni nini."

"Ni sauti ya ngoma," mwanamke wa nje akajibu mara moja. "Kila mtu anajua."

"Ni ndege," mama akasema.

"Mama, hiyo ni ngoma."

"Ni ndege!"

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na tangi la maji. Alikuwa fundi wa mawe. Nyumba ile aliijenga mwenyewe chumba baada ya chumba, kila alipopata nafasi. Hakuwa mtu wa maneno. Alisimama, akaenda kwa shangazi aliyeshika ufunguo, akamfungua vidole taratibu, akauchukua.

"Anayeolewa leo si wimbo," akasema. "Pasta anatungoja."

Akalifungua geti bila kungoja wageni watoe chochote. Hivyo ndivyo nilivyotoka kwetu. Watu waliingia wakinyamaza, wakapewa soda, na yule mwanamke wa sauti nzito akaja chumbani kunishika mkono. Alikuwa ndiye mama mkwe wangu. Mkono wake ulikuwa wa baridi na aliniambia nimependeza. Kanisani aliimba nyimbo za kitabuni tu. Kwenye karamu hakuimba kabisa.

*

Tulihamia Tena, nyumba ya chini, na mama mkwe alikuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine, na tangu asubuhi ungesikia ile mashine ikienda na kurudi, krr, krr, kama mtu anayepangusa meno ya chanuo. Alinipenda. Nasema hivyo kwa sababu hadithi za mama mkwe watu huzisikiliza wakingoja ubaya, na mimi ubaya sikuuona. Alinionyesha duka lisilochanganya unga. Alinikataza kuanika nguo upande wa barabara. Lakini nilipoingia kwake akiwa anaimba kwa sauti ya chini, alikuwa akinyamaza, na nilijua ni wimbo gani alioukata.

Mama naye huko Dandora aliacha kuuimba. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta akifua kimya. Dada yangu mdogo alinieleza kwamba siku moja alimwomba amwimbie, na mama akajibu, "Nitaimbaje kitu ambacho hata sijui kama ni changu?"

Hilo lilinichoma. Wimbo ulikuwa umekuwepo wakati wote, haukupungua hata neno moja kwa kuimbwa na wengine. Lakini mama alikuwa ameupenda kwa namna mtu anavyopenda kaburi la wazazi wake. Kilichomliwaza ni kujua kwamba liko pale na ni la watu wake. Alipoambiwa huenda aliyezikwa hapo ni mwingine, hakuweza tena kuweka maua.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Mtu wa mashine, aliamini kila kitu kinaweza kufunguliwa kikaonekana kinavyofanya kazi. Miongoni mwa zawadi zetu za harusi kulikuwa na redio ya kaseti yenye kurekodi. Jumapili moja akaibeba hadi kwa mama yake, akamwambia, "Mama, niimbie ule wimbo." Alikataa, akasihiwa, akaimba. Jumapili iliyofuata tukaenda Dandora. Mama alikataa pia, lakini mkwe akiomba ni vigumu kumnyima. Aliufunika uso wake kwa leso, akaimba mara moja tu.

Tukakaa nyumbani tukasikiliza, mmoja baada ya mwingine.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Wa kwetu ni mrefu. Una ile kona mwishoni. Watu hukata vitu, hawaongezi. Kwa hiyo wa kwetu ndio wa kwanza."

"Nani amekuambia watu hawaongezi?" nikamuuliza. "Wewe mwenyewe ukisimulia jambo la kazini, likifika hapa lina magurudumu zaidi."

"Hilo ni jambo jingine."

"Ni hilo hilo. Wa kwetu ni mfupi kwa sababu haujaguswa. Nyinyi mmeupamba."

"Tumeupamba? Kwa hiyo tumeiba na kupamba?"

Nilikuwa nimesema kwa mzaha, lakini katikati ya sentensi mzaha ulitoka. Tulikula chakula cha jioni tukiongea mambo ya sukuma wiki. Nilishangaa nilivyokuwa nimekasirika. Nilikuwa msichana wa Dandora, nimekua nikiongea Kiswahili cha mtaani na watoto wa kila kabila, Kikuyu changu chenyewe kilikuwa cha kuombea pesa ya nauli; na bado nilipoambiwa wimbo wa mama si wa kwanza, nilihisi kitu ndani yangu kimesimama na kushika rungu. Sikujua kilikuwa kinakaa wapi siku zote.

Kilichotusaidia ni kwamba mume wangu hakuzima redio haraka katika kurekodi. Baada ya kila wimbo yalifuata mazungumzo ya kawaida, na tuliporudia kusikiliza siku nyingine, bila hasira, tuliyasikia. Mama alikuwa akisema: "Shangazi aliniimbia huu akikumbuka Majengo. Alipanga chumba huko huko Pumwani kabla ya hali ya hatari, kabla wakoloni hawajawaondoa Wakikuyu Nairobi." Na mama mkwe, kwenye upande wa pili wa kaseti: "Baba alipokuja likizo ndipo mama alipouimba sana. Baba alikuwa akifagia barabara za mji, akilala Pumwani. Alikuwa akirudi na sukari na leso."

Mume wangu akaninyooshea kidole, kisha akakirudisha. Wote wawili tulikuwa tumesikia Pumwani mara mbili.

*

Mama yangu alikuwa akiuza mitumba katika soko la Gikomba, na mwenzake wa kibanda cha jirani alikuwa mzaliwa wa Majengo, Mwislamu, mcheshi sana. Nilipomuuliza kama kuna mtu huko anayekumbuka nyimbo za zamani, alicheka. "Nenda kwa nyanya yangu. Lakini uwe na nafasi. Akianza, haachi."

Tulikwenda Jumamosi, mimi na mume wangu, tukitembea kutoka sokoni, redio ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya udongo uliopakwa saruji, yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, amejifunga kanga mbili, macho yake hayaoni vizuri. Tulimwamkia shikamoo. Alituitikia, akatuuliza tumekula nini, akaagiza chai ya tangawizi, na hakutaka kusikia lolote kuhusu nyimbo mpaka tumalize vikombe.

Kisha mume wangu akabonyeza redio. Sauti ya mama yangu ikajaa kile chumba. Bibi aliinamisha kichwa. Wimbo ulipoisha akasema, "Rudisha."

Tukarudisha.

"Huyu nani?"

"Mama yangu mzazi," nikasema.

"Ana sauti nzuri, mashallah. Lakini ameukata."

Mume wangu akanitazama kwa furaha aliyoshindwa kuificha, akageuza kaseti upesi, akamwekea mama yake. Bibi akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Na huyu?"

"Mama yangu mimi."

"Huyu ameurefusha."

Akaanza kuuimba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imechakaa lakini haikukosea njia. Ulipanda, ukasita, na pale ambapo mama alikuwa akiteremka moja kwa moja, na mama mkwe akizunguka kona, yeye alipita mahali pengine kabisa, njia ya tatu, kabla ya kufika chini. Vidole vyake vilikuwa vikigonga kikombe kitupu. Alisema zamani walikuwa wakigonga pembe za ng'ombe, wanawake wamesimama kwa mstari, wamevaa sare.

"Shumburere mwaijua?" akatuuliza.

"Ni ndege," nikasema.

"Ni ngoma," mume wangu akasema.

Alicheka hadi akashika ubavu. "Shumburere ni kofia! Kofia pana ya ukindu, ya kuzuia jua. Alikuja bwana mmoja hapa kutoka Pwani, ana shumburere, aringa nayo kama sultani. Alikuwa na mwanamke mtaa wetu huu. Mara twasikia amehamia mtaa wa nyuma, kwa mwanamke mwingine. Basi sisi tulikuwa na chama chetu cha ngoma, na wao wana chao. Tukawaimba mbele ya watu: anayepita ni nani, na avue kofia tumwone! Wallahi yule bwana hakupita tena njia hii."

Mume wangu akamweleza kwamba wimbo huo uliimbwa kwenye harusi yetu, pande zote mbili, na nusura uivunje.

"Harusini?" Bibi akaacha kucheka. "Mwanangu, huo ni wimbo wa matusi."

"Kwa hiyo nyinyi ndio mliutunga," nikasema. Nadhani nilitaka angalau jambo hilo liishe.

"Maneno ndiyo yetu. Wimbo tuliwanyang'anya wao. Wa mtaa wa nyuma ndio waliokuwa wakiuimba kwanza, wakitutukana sisi kwa jambo jingine ambalo sitalisema mbele ya mumeo."

"Na wao waliutoa wapi?"

"Nitajuaje? Nilikuwa sisemi nao."

Tulimuuliza kama anakumbuka mwanamke wa Kikuyu aliyepanga huko, au Mluhya mfagiaji wa barabara. Alisema walikuwepo wengi, wa makabila yote, na ngoma ilipopigwa walisimama pale barabarani kutazama, wengine wakicheza nyuma ya mstari, na hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema kwamba Wakikuyu walichukuliwa kwa malori asubuhi moja, na chumba cha jirani yake kilibaki na sufuria mekoni. Tulipoaga, aliomba turudishe kaseti amsikilize mama yangu mara nyingine. Si kwa ajili ya wimbo, alisema. Alitaka kusikia jinsi wale waliokuwa wakisimama barabarani walivyousikia.

Njiani kurudi, tulipofika karibu na wachoma mahindi, mume wangu akasema, "Usimwambie mama ni kofia."

"Na wangu je?"

"Hata wako."

Mimi nilikuwa nikimfikiria ndege. Nilijua kwa miaka mingi kwamba huenda hayupo, lakini kulikuwa na msitu mzima nyuma yake, na mvua, na watu wa zamani wakiinua vichwa kusikiliza. Sasa palikuwa na bwana mwenye maringo anayepita kichochoroni kichwa amekiinamisha. Nilimkosa yule ndege zaidi ya nilivyotarajia. Ila sikuweza kumchukia yule bwana.

*

Niliwaambia mama hao wawili baada ya kumzaa binti yetu. Mama alikuja Tena kunitunza, na mama mkwe alikuwa pale pale, kwa hiyo wanawake wawili ambao walikuwa wamesalimiana kwa adabu tu tangu harusi walijikuta jiko moja. Mwanzoni waligawana kazi kama watu wa zamu. Mama alipika uji, mama mkwe alifua nepi. Siku zilivyokwenda walianza kusemeshana: maji haya yana joto, mtoto huyu ana masikio ya baba yake. Alasiri moja, wakiwa wameketi wote wawili na mtoto amelala, mama mkwe akasema kwamba dada yake, huko magharibi, alilala kanisani na watoto wake mwaka ule wa fujo. Nyumba yake ilichomwa. Mama akaacha kukunja nguo.

"Na wewe?" akauliza. "Mbona hukusema?"

"Ningesema lini? Langoni?"

Mama akaangalia chini. "Kaka yangu alikuwa na uchungu," akasema.

"Nilijua. Mtu hawezi kulilia wimbo vile. Alikuwa akililia shamba."

Niliona hakutakuwa na wakati mwingine kama huo, nikawaeleza habari za Majengo. Niliwaeleza yote: shangazi na chumba chake, baba mfagiaji, mitaa miwili, bwana na kofia yake. Niliwachezea kaseti, kwa kuwa tulimrekodi yule bibi pia. Walisikiliza bila kutikisika.

"Kofia?" mama akasema hatimaye.

"Kofia pana."

"Huyo bibi ni mzee sana," mama akasema, kwa upole. "Watu wakizeeka huchanganya. Shangazi yangu ndiye aliyeufikisha wimbo huko Majengo, akiwa msichana. Ndiyo sababu wanaujua."

"Hapana, mama wa msichana," mama mkwe akasema, kwa upole ule ule. "Ni baba yangu. Alikuwa mwimbaji. Alipokuwa akifagia alikuwa akiimba, na wale wanawake wako milangoni, hawana kazi. Wameusikia hapo."

"Inawezekana waliusikia kwa wote wawili."

"Inawezekana."

"Lakini kofia, hapana."

"Kofia, hapana kabisa. Halafu anaimba kama anakimbizwa. Ile njia anayopita katikati, umeisikia? Si ya kawaida."

"Nimeisikia. Ameiharibu."

Nilikuwa kitandani, mtoto kifuani, na nilitamani mume wangu awe pale aone. Nilikuwa nimewaletea ukweli, au kitu kilichokaribia ukweli kadiri tulivyoweza kufika, na walikuwa wameugeuza ukawa jirani mkorofi wa kusengenywa na wote wawili. Nilitaka kubishana. Kisha mama mkwe akamuuliza mama, "Ile kona yetu ya mwisho, kwenu haipo kabisa?" na mama akasema haipo, hebu aiimbe polepole. Mama mkwe akaiimba. Mama akaijaribu, akaikosea. Akajaribu tena, naye mwenzake akampigia mapigo kwa kijiko juu ya goti.

Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwasikia wakiimba hata wakiwa mbali. Hawakuwahi kukubaliana. Mama aliendelea kuimba ndege wake na mama mkwe ngoma yake. Nimefikiri sana kwa nini yale ya Majengo hayakuwagusa, na sidhani ni ukaidi peke yake. Yule bibi alituambia kitu kuhusu wimbo. Kwa mama na mama mkwe wimbo ulikuwa habari ya shangazi fulani aliyemlea yatima, na baba fulani aliyerudi mara moja kwa mwaka na sukari. Habari hizo zilikuwa kweli, na kofia haikuwa na mahali pa kukaa ndani yake. Mume wangu hakuridhika. Aliendelea kuuliza wazee kiwandani, na mmoja alimwambia alisikia askari wa zamani wakitembea kwa mdundo kama ule, mwingine akamwambia ni wa Wahindi waliojenga reli. Alipofika kwa Wahindi nilimwomba apumzike.

*

Binti yetu alipofikia umri wa kwenda shule, alikuwa mtoto wa Tena kweli kweli. Wasichana wa mtaa walikuwa wakiruka bladda, ile kamba ya mipira ya tyubu iliyokatwa vipande ikaunganishwa, wawili wakiishika kwa miguu na mmoja akiruka katikati. Siku moja mama alikuwa amenitembelea, amekaa na mama mkwe mlangoni wakichambua maharagwe, na wasichana wakaanza kuimba huku wakiruka:

"Sasa, mathe, niaje, uko wapi? Shumbu, shumbu, lele!"

Ulikuwa ule ule. Umekatwa kichwa na miguu, umekazwa uende na mruko, lakini ulipanda, ukasita wakati mguu uko hewani, ukateremka.

Wale wanawake wawili wakasimama pamoja, maharagwe yakamwagika.

"Nani amewafundisha hivyo?" mama akauliza.

"Mimi, shosho," binti yangu akamjibu nyanya yake, akijivunia.

"Si hivyo unavyoimbwa!"

"Ni hivyo, shosho. Huu ni wa bladda."

"Kukhu wako amekufundisha vizuri nyumbani," mama akasema, akimwonyesha mama mkwe, ambaye mtoto alimwita kukhu kwa Kiluhya, "halafu unakuja kuuharibu barabarani?"

"Mwambie," mama mkwe akasema. "Mwambie, mama wa msichana. Hata mimi nimeshangaa. Shumbu, shumbu, ndiyo nini?"

Wasichana waliwasikiliza kwa heshima, vichwa chini, wakaonyeshwa mwendo wa kweli, ambao wale bibi wawili waliuimba kila mmoja kwa namna yake kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeweza kuufuata. Bibi hao waliporudi ndani, kamba ikanyanyuliwa, na shumbu shumbu lele ikaendelea.

Mama mkwe alihama Nairobi muda si mrefu baadaye. Macho yalikuwa yamechoka kwa kufuma, akarudi kwenye boma lake magharibi. Likizo ya Agosti tulimpeleka binti yetu akakae naye, na Desemba tukaenda sote. Tulipofika nilikuta wasichana wa kijiji wanaruka bladda uwanjani, chini ya waya wa kuanikia nguo, na nikasikia "mathe" na "niaje" za Kiswahili cha mtaani Nairobi zikiimbwa kwa lafudhi ya Kiluhya safi na watoto ambao hawajawahi kuliona jengo la ghorofa.

Jirani mmoja wa mama mkwe, mwanamke wa umri wangu aliyekuja kutusalimu, aliniona nikitazama.

"Unapenda?" akaniuliza. "Kwenu Nairobi hamna michezo kama hii."

"Huo wimbo ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Wa zamani sana huo. Hata sisi tuliuruka tukiwa wadogo."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu nami, zamu yake haijafika. Alinyanyua uso kunitazama, mdomo tayari kusema ni yeye aliyeuleta Agosti. Nikamwekea mkono begani. Yule jirani alikuwa ameanza kuuimba kwa sauti ya chini, akipiga makofi, na alikuwa akitumia maneno yake mwenyewe ambayo watoto hawakuwa wakiyaimba. Nikamsogezea kiti ili akae, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo, polepole, kwa sababu mahali fulani katikati alikuwa amepita njia ambayo sikuwahi kuisikia.